Nani aliwapigia kura majaji wa Arusha? Swali la mzee wa Jeevanjee

Wadau, uzi wa leo ni mrefu. Shikeni chai.

Juzi nilitoka kazini mapema, na kabla ya kupanda matatu ya Kangemi nikapitia Jeevanjee Gardens. Mnapajua pale. Kila alasiri wazee kwa vijana husimama duara chini ya miti wakijadili serikali, bei ya unga na kila kitu kingine. Mada ya siku hiyo ilikuwa Msitu wa Mau. Jamaa mmoja akasema Waogiek walishinda kesi Arusha na bado wanafurushwa. Mimi nami, kwa vile huwa najiona nimesoma, nikaingilia: mahakama ya kimataifa imeshaamua, serikali ni lazima itii, mjadala umekwisha.

Mzee mmoja wa kofia ya sufu akanigeukia. "Kijana wangu, hao majaji wa Arusha, nani aliwapigia kura?"

Watu wakacheka. Nikaanza kusema mambo ya mkataba. Akaniuliza tena, bila hasira: "Mkataba gani? Uliandikiwa wapi? Wewe ulikuwepo?" Nikanyamaza, manake kusema kweli sikujua vizuri. Nilipanda mat nikiwa nimenuna mpaka Kangemi.

Lakini swali la mzee ndilo lile lile tunalolisikia kila msimu wa siasa. Ukisikia "uhuru wa taifa letu", ukisikia "haki za wazungu", ujue ni swali hilo limevaa suti. Na upande wa pili hujibu kama nilivyojibu mimi, kwa kutaja jina la mahakama kwa sauti kubwa kana kwamba jina lenyewe ni hoja. Nimekaa na hukumu hizi jioni kadhaa. Nitawaeleza nilichokipata, na siwataji wanasiasa, kwa hivyo msije na vyama vyenu kwenye majibu.

Kwanza, Hague tuiweke kando. Ile ya Hague ambayo Wakenya tunaifahamu tangu ghasia za 2007 na 2008 inamshtaki mtu: fulani bin fulani, kwa uhalifu. Mahakama ya haki za binadamu haimfungi mtu yeyote. Mshtakiwa ni dola. Haina jela na haina hata askari mmoja wa kumtuma Narok. Ikisema kitu, kitu hicho kitatimizwa tu ikiwa watu wenye askari watakubali kwamba ina haki ya kukisema. Hapo ndipo penye kazi yote.

Sasa twende alikotaka mzee. Mkataba gani, uliandikiwa wapi?

Kutoka Jeevanjee mpaka KICC ni mwendo wa miguu wa dakika chache. Juni 1981 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikuwa na mkutano wao hapa Nairobi, na katika mkutano huo wakapitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mawakili huuita Mkataba wa Banjul kwa sababu rasimu yake ilijadiliwa Banjul, Gambia, lakini kura ya wakuu ilikuwa hapa kwetu. Mimi nimepita kwenye ule uwanja mara ngapi sijui, na hakuna siku nilifikiria hilo.

Na haukuletwa na wafadhili. Mwaka 1979 tawala tatu za kikatili zilianguka Afrika ndani ya miezi michache: Uganda mwezi Aprili, Guinea ya Ikweta Agosti, Afrika ya Kati Septemba. Viongozi wa Afrika walikuwa wameyatazama hayo kwa miaka mingi wakisema ni mambo ya ndani. Julai mwaka huo, walipokutana Monrovia, waliagiza mkataba uandikwe. Wataalamu wakakutana Dakar wakiongozwa na jaji wa Senegal, Kéba Mbaye. Waliweka haki za mtu mmoja mmoja ambazo ungezikuta popote, kisha wakaongeza kitu ambacho mikataba ya Ulaya haikuwa nacho: haki za watu kama jamii, pamoja na haki ya maliasili zao na haki ya maendeleo. Hicho kitu kumbukeni, tutakirudia Mau.

Pia waliandika Ibara ya 60. Hii mimi naiona kama ufunguo wa mambo yote yanayofuata. Inasema kwamba chombo cha kusimamia mkataba kitachota mwongozo kutoka sheria za kimataifa za haki za binadamu, zikiwemo za Umoja wa Mataifa na zile za nchi za Afrika zenyewe. Yaani tangu siku ya kwanza waliwaambia wasimamizi: msijifungie chumbani, angalieni wengine wanaamuaje.

Mkataba ulianza kufanya kazi Oktoba 1986. Kenya, mwenyeji wa mkutano, ilijiunga Januari 1992. Miaka zaidi ya kumi. Katikati ya hapo kuna Nyayo House. Ukienda kupanga foleni ya pasipoti pale, chini ya miguu yako ndiko watu walikokuwa wakimwagiwa maji na kunyimwa chakula, hasa 1986 na 1987. Toka KICC mpaka pale huhitaji hata boda.

Kesi iliyonifungua macho ni ya mtu aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikamatwa, akawekwa chumba cha chini ya ardhi hapa jijini kwa miezi kumi, chumba cha mita mbili kwa tatu, na taa ya wati 250 haikuzimwa muda wote huo. Akatoroka nchi. Malalamiko yake yakafika kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile yenye makao Banjul, na Tume ikaamua mwaka 2000 kwamba Kenya ilikuwa imevunja mkataba.

Angalieni ilivyofika pale. Mkataba wetu unakataza mateso na unalinda utu, lakini hausemi lolote kuhusu taa. Mtu angeweza kubisha: taa ni taa, nani amepigwa? Tume ikashika kanuni za Umoja wa Mataifa za 1988 kuhusu watu walio kizuizini, zinazosema utu wa mfungwa uheshimiwe na kwamba katazo la mateso lisomwe kwa upana. Ikazisoma kanuni hizo pamoja na mkataba uliopitishwa KICC. Sasa serikali ikitaka kubisha, haibishani na makamishna wachache walioketi mkutanoni. Inabishana na kanuni ambayo dunia nzima ilikubaliana. Huo ndio mtindo, na utauona tena na tena.

Wakili akifanya hivi mahakamani tunasema anatafuta mashahidi. Mahakama isiyo na askari nayo hutafuta mashahidi, ila mashahidi wake ni mahakama nyingine.

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Mashahidi wenyewe ni wazungu." Haya, hilo tulizungumze, kwa sababu historia yake ina mambo ya kuchekesha na ya kuudhi kwa pamoja.

Ni kweli mkataba wa Ulaya wa haki za binadamu ulikuwa wa kwanza kuwa na mahakama yake. Na Oktoba 1953 Uingereza iliupanua mkataba huo ufike kwenye makoloni yake, Kenya ikiwemo. Oktoba 1953! Hali ya Hatari ilikuwa imetimiza mwaka. Watu wako kambini, na kwenye karatasi wana haki za Ulaya. Bila shaka haki ya kupeleka malalamiko binafsi hawakupewa, na mwaka uliofuata Uingereza ikatoa notisi ya kujiondolea baadhi ya wajibu hapa Kenya. Kwa hivyo mzee akisema ameziona haki za wazungu zikitumiwa kama pambo, hajakosea.

Lakini hadithi haiishii hapo. Nigeria ilipoelekea uhuru wake iliandika sura ya haki kwa kuiga mkataba huo wa Ulaya, na waandishi wa katiba yetu ya 1963 wakaiga ya Nigeria. Vifungu ambavyo mawakili wa Nairobi walivitumia kwa miongo kutetea wafungwa wa kisiasa vilikuwa vimezunguka kupitia Lagos.

Halafu kuna watu wa Parklands na Ngara. Baada ya sheria zetu za uhamiaji na leseni za biashara za 1967, Wahindi wengi wa Kenya waliobaki na pasipoti za Uingereza walianza kuondoka. Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwa haraka ya ajabu, ikaanza kazi Machi 1968, kuwazuia raia wake wenyewe wasiingie. Watu wakawa wanarushwa kutoka uwanja wa ndege mmoja hadi mwingine. Baadhi yao, kutoka Kenya na Uganda, walipeleka Uingereza mbele ya Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Desemba 1973 Tume ikasema kumbagua mtu hadharani kwa rangi yake, katika hali kama hiyo, ni kumdhalilisha, na udhalilishaji umekatazwa sawasawa na mateso. Ripoti ikafungiwa kabatini na wakubwa wa Ulaya, haikutolewa hadharani hadi 1994. Lakini hoja yake ikabaki.

Kwa hivyo ukiniambia viwango hivi ni vya wazungu, nitakuuliza: vya mzungu yupi? Yule aliyefunga mlango, au wale watu wa Afrika Mashariki waliosimama nje wakamlazimisha asome sheria yake mwenyewe? Mimi sioni kiwango kuwa mali ya aliyekiandika kwanza. Naona ni cha kila aliyekitumia akapata kitu, au akanyimwa na kunyimwa kwake kukaandikwa.

Sasa Bonde la Ufa.

Mwaka 1973 serikali ilitangaza eneo la Ziwa Bogoria kuwa hifadhi ya wanyama. Waendorois waliokuwa wakilisha mifugo pale na kufanyia ibada zao ziwani waliondolewa. Mahakama za Kenya hazikuwasaidia. Malalamiko yakapelekwa Banjul, na mwishoni mwa 2009 Tume ikatoa uamuzi ambao unasomwa mpaka leo katika vyuo vya sheria vya mbali. Swali kubwa lilikuwa: jamii isiyo na hati miliki inaweza kusema ardhi ni yake kwa sababu mababu wameishi hapo?

Tume haikujibu kutoka kichwani. Ilikwenda Amerika. Mahakama ya haki za binadamu ya kule ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 2001 kuhusu jamii ya Awas Tingni nchini Nicaragua, 2006 kuhusu jamii ya Sawhoyamaxa huko Paraguay, na 2007 kuhusu Wasaramaka wa Suriname, ambao ni wazao wa watumwa Waafrika waliotorokea msituni. Hebu tafakari: wazao wa Waafrika waliouzwa ng'ambo wanashinda kesi ya msitu wao Amerika ya Kusini, na miaka miwili baadaye kesi yao inawatetea wafugaji wa Baringo. Hapo nilisimama nikasoma mara mbili.

Mtu mwenye shaka atasema majaji wanapigiana makofi tu, huyu ananukuu yule na yule ananukuu huyu. Hatari hiyo ipo. Ila Tume ilikuwa na haki za jamii ndani ya mkataba wa 1981, kitu ambacho mahakama ya Amerika ilibidi ikichimbe kutoka haki ya kawaida ya mali. Sisi tulikuwa nacho kimeandikwa. Kilichokopwa ni njia ya kukipima: lini ardhi ya jadi inahesabika kuwa mali, na ni lazima serikali ifanye nini kabla ya kuigusa.

Miezi hiyo hiyo, Oktoba 2009, Waogiek wa Mau walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni. Mwezi uliofuata malalamiko yakawa Banjul. Safari hii Tume, mwaka 2012, ikaipeleka Kenya mbele ya Mahakama ya Afrika, ile ya Arusha. Mahakama hii ilianzishwa kwa itifaki ya Ouagadougou ya 1998, na Kenya ni mwanachama wa itifaki hiyo. Hukumu ikasomwa tarehe 26 Mei 2017.

Ukipata nafasi isome. Serikali ilisema Waogiek si watu tofauti tena, wamebadilika, wanalima kama majirani. Ikasema pia Mau ni chanzo cha maji na lazima kilindwe. Hoja ya pili ni nzito, na Mahakama haikuidharau: ilikubali kwamba kulinda msitu ni lengo halali. Kisha ikauliza ushahidi uko wapi kwamba Waogiek ndio wanaouharibu. Ripoti zilizokuwepo, nyingine serikali yenyewe ikihusika kuziandaa, zilionyesha vitu vingine: watu wengine kuingia, serikali kumega msitu kwa makazi, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa vibaya. Kwa hivyo kuwafukuza Waogiek hakukuwa jambo la lazima wala lenye uwiano na lengo hilo.

Mahakama ikapata ukiukaji wa mkataba katika mambo mengi: ubaguzi, dini, ardhi, utamaduni, maliasili, maendeleo. Lakini kuhusu haki ya uhai ikasema hapana, haijathibitishwa. Mimi nadhani ile hapana ilisaidia kuliko watu wanavyofikiri. Mahakama inayompa mlalamishi kila alichoomba inaonekana imekuja na hukumu mfukoni. Tena jaji Mkenya hakuketi kwenye kesi hiyo, kwa sababu itifaki inamkataza jaji kusikiliza kesi ya nchi yake.

Kuna sehemu moja inayonisumbua, na nitaisema kwa sababu wapinzani wa mahakama hii wakiwa makini wataishika. Katika kueleza haki ya ardhi, majaji walitegemea Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu jamii za kiasili. Kura ya azimio hilo ilipopigwa, Kenya haikukubali wala kukataa. Ilijizuia kupiga kura. Sasa unawezaje kuipima nchi kwa kitu ambacho haikukipigia kura? Jibu la kisheria ni kwamba azimio lilitumika kufafanua mkataba ambao Kenya iliuridhia, halikutumika kama sheria peke yake. Sawa. Lakini ukimwambia hivyo mtu wa Jeevanjee ataona umemzungusha.

Jibu bora liko karibu zaidi, na laiti ningelijua siku ile. Katiba yetu, Ibara ya 63, inasema ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Wawindaji na wakusanyaji! Imeandikwa hivyo. Na Ibara ya 2 inasema mkataba wowote Kenya iliouridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Hiyo katiba ilipita kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, theluthi mbili ya wapiga kura wakasema ndiyo, ikatangazwa rasmi Uhuru Park tarehe 27. Kabla ya hapo haikuwa hivyo. Mwaka 1970 Mahakama Kuu hapa Nairobi, katika kesi ya Okunda, ilisema sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ikigongana na katiba yetu, sheria ya jumuiya inaanguka. Miaka 40 baadaye wananchi wenyewe wakafungua mlango.

Kwa hivyo majaji wa Arusha nani aliwapigia kura? Moja kwa moja, si wewe. Ni 11, huchaguliwa na mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika kwa miaka sita. Sheria wanayoitumia, hiyo ndiyo uliipigia kura.

Lakini msinielewe vibaya, kwamba mahakama ikishanukuu vizuri basi wakubwa wananyenyekea. Kenya tuna mfano wetu. Novemba 2006 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo pia ya Arusha lakini ni nyingine, ilisimamisha kuapishwa kwa wabunge wa Kenya katika bunge la jumuiya, kwa sababu ya namna walivyopatikana. Kufikia katikati ya Desemba wakuu wa nchi walikuwa wamekubaliana kuurekebisha mkataba wa jumuiya. Wiki chache tu! Wakaongeza kitengo cha rufaa, wakaongeza sababu za kumwondoa jaji, na wakaweka kikomo cha miezi miwili kwa raia kufungua kesi. Serikali haikubishana na hoja, ilibadilisha mlango.

Mahakama hiyo haikupewa rasmi mamlaka ya haki za binadamu, mpaka itifaki maalum ipitishwe. Hata hivyo Novemba 2007, katika kesi ya Katabazi kutoka Uganda, ambapo watu waliopewa dhamana walikamatwa tena na wenye silaha pale pale mahakamani Kampala, majaji walisema hivi, kwa maneno yangu: hatuwezi kudai mamlaka tusiyopewa, lakini mkataba unasema utawala wa sheria, na nyote mlitia sahihi, kwa hivyo hatutakimbia kesi kwa sababu tu ndani yake kuna haki za binadamu. Werevu huo ulifanya kazi. Ila kile kikomo cha miezi miwili nacho kilifanya kazi. Shirika moja lilipopeleka kesi ya mateso ya Mlima Elgon, majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza mwaka 2011. Mwaka uliofuata kitengo cha rufaa kikasema imechelewa. Hapo hapo ikafa.

Na ile Mahakama ya Afrika nayo imepigwa. Ili raia aende mwenyewe, nchi yake lazima iwe imetoa tamko la kumruhusu. Rwanda iliondoa tamko lake 2016, Tanzania, ambayo ndiyo mwenyeji, 2019, Benin na Ivory Coast 2020. Kenya haijawahi kulitoa. Kwa hivyo yule anayepiga kelele kwamba kila mwanaharakati atatukimbiza Arusha kesho anadanganya, na yule anayetisha kwamba atakwenda Arusha kesho pia anadanganya. Waogiek walipitia Banjul.

Mahali ambapo mimi naona viwango hivi vimeshika mizizi ni hapa hapa mjini, kwa majaji wetu. Mnakumbuka kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa Wilson, kilichobomolewa Novemba 2011? Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, jirani kabisa na KICC, ikaamuliwa Januari 2021. Walibishana kama miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kufurusha watu ni sheria hapa Kenya. Mahakama ya Juu ikasema miongozo hiyo peke yake si sheria inayofunga, lakini jaji anaweza kuitumia kufafanua katiba panapokuwa na pengo, na kwamba mahakama inaweza kuendelea kusimamia utekelezaji wa amri zake. Si ushindi wa kelele. Lakini sasa wakili wa mtu wa Kawangware akisimama mbele ya jaji, hana haja ya kuomba msamaha kwa kutaja kanuni za kimataifa.

Nirudi Mau nimalize. Juni 2022 Mahakama ya Afrika ilitoa amri za fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali, milioni 100 kwa maumivu, na zaidi ya pesa, ardhi ya mababu ipimwe na wapewe hati ya pamoja. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imeunda kikosi kazi. Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zinabomolewa nyumba tena upande wa Narok, mvua ikinyesha.

Wiki iliyopita nilirudi Jeevanjee. Mzee alikuwepo, kofia ile ile. Nikamwamkia, nikampa yote haya, KICC, Suriname, Ibara ya 63. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakunikatiza. Akasema alipiga kura ya ndiyo 2010, kwenye shule ya msingi Kawangware, na alipanga foleni tangu saa kumi na moja alfajiri.

"Kwa hivyo hiyo ya Arusha ni sheria yangu," akasema.

"Ni yako, mzee."

"Na hao Waogiek, hati wamepewa?"

"Bado."

Akatikisa kichwa, akawageukia wenzake. "Mnamsikia? Sheria yangu, na haijanitii."